Krismasi ya Akal Imefungiwa Sandukuni mwa Halimo

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Akal Lochoro amepiga magoti bandani na kisu kiko mkononi. Mbele yake kuna ngozi ya mbuzi iliyotoka machinjioni muda mfupi uliopita, ingali na joto. Anakwangua mafuta na vipande vya nyama vilivyobaki, taratibu, kisu kikiwa kimelala, kwa maana kikisimama kidogo tu ngozi itatoboka na daraja lake litashuka.

Akimaliza anatoboa matundu pembeni, anapitisha kamba ya katani na kuiwamba ngozi kwenye fremu ya mbao. Anavuta huku, anavuta kule, anarudi nyuma hatua mbili kuitazama, kisha anavuta tena. Fremu inapelekwa kivulini. Wengi hudhani ngozi huanikwa juani kama shuka, na Akal huwacheka.

"Jua inapika ngozi," anasema. "Ukivaa kiatu ya hiyo ngozi, mvua ya kwanza tu umebaki na soksi."

Ni Jumatatu, tarehe 22 Desemba 1986, mjini Isiolo. Banda hili ni la mfanyabiashara Awale Hirsi, na mgeni anayelikaribia kwa mara ya kwanza hujua amefika kabla hajaliona. Akal, mama wa watoto watatu na mjane kwa miaka saba sasa, hasikii tena harufu hiyo. Anasema pua yake ilishastaafu.

Analipwa shilingi mbili kwa kila ngozi ya mbuzi au kondoo anayoiwamba, na shilingi tano kwa ya ng'ombe. Mwezi wa kawaida humpa kama shilingi mia nne na hamsini. Desemba ni mwezi mwingine kabisa. Isiolo nzima inachinja, kuanzia mwalimu hadi kinyozi, na kila mnyama aliyeliwa huacha ngozi. Desemba iliyopita Akal alipata karibu shilingi mia tisa.

Hapo ndipo shida yake inapoanzia, na pengine yako pia, msomaji. Mshahara wake mkubwa kuliko yote humfikia katika mwezi ambao pesa haikai. Mwandishi wa makala haya hana haki ya kumsema mtu, kwani Januari hii imemkuta akinywa chai ya rangi bila sukari. Lakini Akal ameishi miaka mitatu akipambana na Krismasi kana kwamba ni fisi anayerudi zizini, na safari hii alikuwa na sababu ya kushinda.

Sababu yenyewe ni leseni, ambayo aliitamani kwa miaka na sasa ina tarehe ya mwisho. Awale amechoka kuzunguka kukusanya ngozi kwa wachinjaji wadogo wa Kiwanjani, anakoishi Akal. Alimwambia mwezi wa Agosti kwamba akipata leseni ya kununua ngozi, na mizani yake mwenyewe, eneo lile lote litakuwa lake. Atanunua kwa wachinjaji na kumuuzia Awale kwa jumla. Asipokuwa tayari kufikia tarehe 10 Januari, eneo litakwenda kwa Kithinji, mfanyabiashara kutoka upande wa Meru ambaye tayari ana leseni na baiskeli.

Kwa leseni, mizani iliyokwisha kutumika na mtaji mdogo wa kuanzia, Akal alihitaji shilingi elfu moja na mia nne. Wahenga walisema mwamba ngozi huvutia kwake. Huyu wetu amewamba ngozi miaka kumi na mmoja, na zote amezivutia kwa Awale.

Kazi hiyo hakufundishwa mjini. Kwa Waturkana ngozi ni kazi ya wanawake, na mama yake alimtia kisu mkononi akiwa mtoto huko Oldonyiro. Alipokuja Isiolo mwaka 1975 wanaume wa banda walimcheka, hadi siku Awale alipopanga ngozi zao na zake kwa madaraja. Tangu siku hiyo wale wanaume wanabeba chumvi ya kuhifadhia ngozi.

Jaribio lake la kwanza la kuishinda Krismasi lilikuwa mwaka 1983. Aliweka akiba kwenye kopo la maziwa ya unga na kulifukia chini ya kitanda. Kufikia tarehe 26 alikuwa amelifukua mara tisa.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa ukame. Mifugo ilikufa kila upande, na malori yalileta ngozi nyingi kuliko fremu zilizokuwapo. Akal anausimulia mwaka huo kwa sauti ya chini. Hajawahi kupata pesa nyingi kama alizopata wakati ndugu zake walipokuwa wakipoteza kila kitu, na anasema hakuzifurahia hata siku moja. Lakini alikuwa nazo, na aliapa kwamba mwaka huo hazitakaa koponi.

Akanunua mbuzi sita. Bei ilikuwa chini, na hesabu yake ilionekana safi kabisa. Shilingi ina miguu, mbuzi ni mali. Mtu hatoki nyumbani kwenda kununua soda kwa mguu wa mbuzi. Januari angeuza wote sita na kuchukua leseni.

Kosa hilo lisingefanywa na mtu wa Nairobi, wala na Msomali, wala na Mmeru. Lilihitaji Mturkana aliyekaa mjini vya kutosha kusahau nusu ya mambo ya kwao. Maana kwao ndugu haombwi shilingi sana. Ndugu huombwa mbuzi. Na ndugu aliyefiwa na zizi zima akikuomba mbuzi, neno la kumkatalia halipo.

"Pesa mtu akikuuliza, unasema hakuna. Nani ataona?" anasema Akal, na sasa anaweza kucheka. "Lakini mbuzi inalia hapo nyuma ya nyumba. Wewe unasema sina, na yeye anasema niko hapa."

Wawili waliliwa siku ya Krismasi. Wanne waliondoka tarehe 27 wakiwa wamefungwa kamba na shangazi, binamu na kaka. Akal hakuwanyima, na akiulizwa leo anasema hata sasa asingewanyima. Ila leseni haikupatikana.

Dawa ilikuja Juni 1985, na ilitoka mahali ambapo hakuitarajia. Karibu na banda kuna duka dogo la sukari, majani ya chai na vitambaa, la Halimo Elmi, mwanamke wa Kisomali ambaye babu yake alifika Isiolo akiwa askari wa Mwingereza na hakurudi tena. Ilikuwa siku mbili kabla ya Idd, na Akal alimkuta amekaa juu ya gunia tupu, ameshika kichwa. Wapwa zake walikuwa wamewasili mapema. Sukari, tende, tambi, hata kitambaa alichomwekea binti yake Kinsi, vyote vilikuwa vimekwisha kabla mwezi haujaandama.

Akal anasema alicheka mpaka akashika ukuta. Siku zote alidhani ni Waturkana peke yao wanaoliwa na sikukuu. Halimo alikasirika kidogo, kisha naye akacheka, na pale pale juu ya gunia wakakata shauri. Krismasi ya Akal itakaa kwa Halimo. Idd ya Halimo itakaa kwa Akal.

Kila mwisho wa mwezi, tangu siku hiyo, Akal hupeleka kitu kimoja au viwili: kilo mbili za unga wa ngano, mafuta ya kupikia, tumbaku ya wazee, kitambaa cha gauni. Halimo huvifungia kwenye sanduku la mbao nyuma ya duka. Naye Halimo, kuanzia Januari, huleta vyake kwa Akal, ambaye huviweka kwenye sanduku la bati mbali kabisa na nguo zake za kazi, akiwa amevifunga kwa kanga safi ili harufu ya ngozi isije ikaingia kwenye tende za watu.

Ukiutazama mpango huu unaona akili yake. Ndugu wa Halimo hawawezi kuingia nyumba ya Mturkana kutafuta sukari. Ndugu wa Akal hawawezi kufungua sanduku la Msomali. Na walinzi wenyewe hawana tamaa, kwa kuwa sikukuu si yao.

"Mimi Krismasi yake itaniwasha nini?" anauliza Halimo. "Naiona hapo kila siku, naifagilia vumbi, basi."

Krismasi ya 1985 ilipita vizuri kwa upande wa chakula. Wageni walikula, watoto walivaa. Lakini pesa ya leseni Akal aliiacha kwake mwenyewe, na ikaenda njia ya kopo la 1983. Kwa hiyo mwaka 1986, kila mwezi, kiasi fulani cha mshahara kilifuata unga na tumbaku. Kufikia tarehe 20 Desemba, shilingi elfu moja na mia nne zilikuwa zimetimia ndani ya soksi, ndani ya sanduku. Sheria ya Halimo ilikuwa moja tu. Pesa hiyo haitoki kabla ya tarehe mbili Januari, hata Akal aje akilia.

Jumatano tarehe 24, saa sita mchana, lori la mifugo kutoka Oldonyiro likamshusha Lomorukai, kaka mkubwa wa Akal, pamoja na mkewe, watoto sita, na mbuzi watano wa kuuza. Mwandishi alikuwapo. Salamu zilichukua muda, kama ilivyo desturi, "Ejoka" ikijibiwa na "Ejok" mpaka kila mtoto akatajwa. Kisha Lomorukai akaenda sokoni. Bei za Krismasi zilikuwa juu, na kufikia saa nane alikuwa ameuza wote watano kwa shilingi elfu moja na mia tatu.

Alirudi macho yakimng'aa. Sokoni alikuwa ameona mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mweusi mwenye doa jeupe kifuani, mali ya mzee mmoja Mborana aitwaye Halake. Bei ilikuwa shilingi elfu moja na mia tano, lakini mzee alikuwa na mtamba wa pili, na wote wawili angewatoa kwa elfu mbili na mia saba. Lomorukai alikuwa na elfu moja na mia tatu. Hakuna siri kati ya ndugu. Alijua kiasi alichonacho dada yake, hadi senti.

Hakuomba kwa ukali. Mwandishi alimsikia akizungumza kwa upole, kwa Kiturkana, na baadaye maneno yakatafsiriwa. Alisema ukame ulimwachia ng'ombe mmoja tu. Alisema pesa iliyolala ni pesa inayokufa, lakini mtamba huzaa. Mmoja wa wale angekuwa wa Akal, na angemchungia yeye mwenyewe bila malipo. Leseni ni karatasi, alisema, na karatasi haitoi maziwa.

Lomorukai ndiye aliyemlea Akal baada ya baba yao kufariki. Akal akatandaza kanga yake mabegani, akatoka, akaelekea dukani kwa Halimo.

"Nilikuwa nimeshakubali," anakiri. "Njiani nilikuwa nahesabu ndama."

Yaliyotokea dukani yalichukua dakika mbili. Halimo alimsikiliza hadi mwisho, huku akipima sukari ya mteja mwingine. Kisha akamwita kwa jina la mtoto wake na kusema, "Mama Lowoi, mimi sijakataa. Ni wewe ulikataa, mwezi wa nane, ukiwa na akili yako yote. Mimi nimebeba tu maneno yako." Akaendelea kupima sukari.

Akal alisimama pale. Anasema alisikia hasira kwanza, hasira ya kweli, kisha furaha, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hakuwa amemnyima kaka yake. Alikuwa amenyimwa yeye.

Lomorukai aliposimuliwa hakuamini. Mtu mzima Mturkana haoni haya kuomba. Haya ni kwa asiyetoa. Akachukua fimbo yake na kigoda chake, akaenda mwenyewe. Akaweka kigoda mbele ya duka la Halimo, akakaa, akaanza kuomba. Aliomba pesa ya dada yake. Alipokataliwa aliomba nusu. Alipokataliwa nusu aliomba sukari, kisha tumbaku. Wapita njia walianza kusimama, maana Isiolo haina sinema nyingi.

Halimo hakupandisha sauti hata mara moja. Alimletea chai ya maziwa kwenye bilauri kubwa, akamwita mzee, akamuuliza hali ya malisho ya Oldonyiro. Kisha akamuuliza swali.

"Mzee, Krismasi iliyopita uliuza mbuzi wangapi hapa?"

Watatu, alijibu Lomorukai kwa Kiswahili chake kidogo.

"Na nyumbani ulifika na nini?"

Mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma, alijibu kwa niaba yake kwamba alifika na birika na kofia. Watu wakacheka. Lomorukai hakucheka, alikunywa chai. Alikunywa hadi bilauri ikabaki majani matupu, na watu wakaanza kutawanyika wakidhani mambo yamekwisha.

Ndipo akaingiza mkono chini ya shuka yake, akatoa zile shilingi elfu moja na mia tatu, akatenga mia moja ya soda na pipi za watoto, na kumkabidhi Halimo zilizobaki.

"Wewe mama mbaya sana," alimwambia. "Weka ya mimi pia. Leo, kesho na keshokutwa, hata mimi nikilia, hapana peana."

Halimo akaziweka kwenye soksi ya pili. Anasema hakuwahi kupewa sifa kubwa kama ile.

Krismasi yenyewe ilikuwa ya kupendeza. Sanduku lilifunguliwa asubuhi ya tarehe 25 na vitu vikatoka kimoja kimoja, vingine Akal mwenyewe alikuwa amevisahau. Watoto tisa walikwenda kanisani, wa Akal na gauni na mashati mapya, wa Lomorukai na shanga zilizopakwa mafuta. Mbuzi alikuwa mmoja tu, na alichinjwa na Mwislamu, kama wanavyofanya Wakristo wengi mtaani, ili kila mgeni ale. Halimo na Kinsi walikuja saa nane. Chapati zilipikwa hadi unga wa mwisho.

Lomorukai alipita mbele ya duka mara nne kati ya siku hiyo na iliyofuata. Kila mara alimtazama Halimo, na kila mara Halimo alitikisa kichwa kabla hajasema neno. Mgeni siku mbili, wanasema, siku ya tatu mpe jembe. Tarehe 26 Akal alimpa kaka yake kisu. Banda lilikuwa limepokea ngozi mia moja na kumi na mbili. Mkewe Lomorukai aliwamba thelathini kwa mikono yake na kulipwa papo hapo. Lomorukai mwenyewe alibeba chumvi pamoja na wanaume wengine.

Jumamosi tarehe 27 alirudishiwa pesa zake zote. Kule sokoni, mzee Halake alikuwa amechoka kulala nje na mitamba wake. Sikukuu ilikuwa imekwisha, wanunuzi walikuwa wameishiwa, na bei ilikuwa imeanguka kama inavyoanguka kila mwaka kwa wenye subira ya siku tatu. Lomorukai alimpata yule mweusi mwenye doa jeupe kwa shilingi elfu moja na mia moja na hamsini. Alimpandisha lorini kwa mikono yake mwenyewe na hakumwachia kamba mtu mwingine yeyote.

Ijumaa iliyofuata, tarehe mbili Januari, Halimo alimfuata Akal bandani akiwa na soksi mkononi. Hakungoja kuombwa. Mizani ilinunuliwa siku ile ile. Jumatatu tarehe tano, saa mbili asubuhi, Akal alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya ofisi ya mifugo, amevaa viatu vya kufunga kamba. Karani alimuuliza kama amekuja kumchukulia mumewe leseni. Akamjibu kwamba mumewe amelala makaburini tangu mwaka 1979 na hana haja na ngozi.

Alitia dole gumba mahali alipoonyeshwa. Awale alipoiona karatasi hiyo aliisoma mara mbili, akampa mkono, na jioni akamwambia Kithinji atafute eneo lingine. Akal anasema alipofika nyumbani alimwomba binti yake amsomee jina lake lilivyoandikwa, na aliposikia "Akal Lochoro, mnunuzi wa ngozi," alilia mbele ya watoto bila kuficha.

Sasa ana mpango mwingine. Wachinjaji wa Kiwanjani ni mwanzo tu. Anachokiwaza ni Oldonyiro, ambako mbuzi huchinjwa kila wiki na ngozi hutupwa au hukauka juani zikaharibika. Amemwagiza Lomorukai afundishe vijana kutengeneza fremu, na mkewe awafundishe wanawake kulaza kisu. Kuhusu Krismasi ijayo, wageni tayari wameshaanza kutuma salamu kwamba watakuja, na safari hii ni wengi zaidi.

"Miaka yote wanakuja kula hapa, na ngozi yao inabaki huko, mbwa inakula," anasema, akikaza kamba ya fremu. "Nimewaambia karibu, mkuje nyote, chapati iko. Lakini Krismasi ijayo kila mtu akuje na ngozi, na mimi nitalipa."